MWENYE JEMBE SI MGENI



Kila ukaribiapo wakati wa uchaguzi, bei ya unga haishuki wala zahanati haipati dawa, lakini kitu kimoja huota upesi kama magugu ya masika, nacho ni mnong'ono. "Yule si wa hapa." "Babu yake alitoka ng'ambo ya ziwa." "Mama yake aliletwa na treni." Mnong'ono huanzia kilabuni, ukaingia sokoni, na siku ya kuteua wagombea ukakaa mezani pamoja na wajumbe.

Sisi tunaozunguka matawini kwa kazi ya Chama tumeusikia. Tumeusikia kwa wapinzani wetu, na hilo halikutushangaza. Lakini tumeusikia pia katika mikutano yetu wenyewe, kwa watu wenye kadi zetu mifukoni, na hilo ndilo lililotushikisha kalamu. Twasema bila kuficha: kumwita mwenzio mgeni si sera. Ni kukiri kwamba sera huna.

Wazee wetu waliacha kauli inayotosha kuwa sheria: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tazameni hekima yake. Hawakusema mgeni akae bure, wala hawakusema afukuzwe. Walisema apewe kazi. Na mtu aliyekwisha kushika jembe, akalima, akavuna, akalipa kodi, akazika wazazi wake katika ardhi ile ile, huyo ugeni wake umekwisha. Anayeendelea kumwita mgeni baada ya vizazi vitatu, ataka kulisha watoto wake kwa jembe la mwenziwe na kumnyima mwenye jembe sauti.

Na hao wanaojiita wenyeji halisi, twawauliza: uhuru mnaoringia uliletwa na nani? Mwaka 1929 iliundwa African Association mjini Dar es Salaam, mama wa TAA ambayo mwaka 1954, Siku ya Saba Saba, ilizaa TANU. Katibu wake wa kwanza alikuwa Kleist Sykes. Baba yake Kleist alitoka Msumbiji, akaja pwani yetu akiwa askari wa Wajerumani. Mwanawe Kleist, Abdulwahid, alikuwa miongoni mwa wale walioijenga TANU tangu siku ya kwanza. Kama mnong'ono wa leo ungetawala wakati ule, mtoto wa mgeni angefungiwa mlango, na sisi tusingejua ni nani angeshika kalamu ya chama.

Tena twendeni Songea. Wangoni walitoka kusini, ng'ambo ya mto Zambezi, katika karne ya 19. Walipoinuka katika Vita vya Maji Maji hawakuwa wamekaa katika nchi ile hata miaka mia. Mwaka 1906 Mjerumani aliwanyonga viongozi wao, na nduna Songea Mbano akiwa mmoja wao. Je, kitanzi kiliuliza babu yake alizaliwa wapi? Waliokufa kwa ajili ya ardhi hii ni wenyeji wa ardhi hii, na jina lake limepewa mji.

Na wale manamba waliolima mkonge wa Tanga, wengi wao wakiwa wametoka Msumbiji, Nyasaland na Ruanda-Urundi, ndio waliojaza meli za mkoloni kwa jasho lao. Wajukuu wao wako nasi hadi leo. Mipaka yenyewe hatukuichora sisi. Waliichora Wazungu mezani, kisha wakapitisha wino katikati ya Wamakonde, katikati ya Wamasai, na kuwatenga watu wa Kigoma na ndugu zao wa Burundi. Ni ajabu iliyoje kwamba mtu aliyeimba kumfukuza mkoloni, leo alinda wino wa mkoloni kuliko mkoloni mwenyewe!

Yafaa tukumbushane jinsi Chama cha ukombozi kilivyolikabili jambo hili. Mwaka 1958 Serikali ya Kiingereza iliweka mtego uitwao kura tatu. Kila mpiga kura alilazimishwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake iharibike. Watu walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika. Katika mkutano wa Tabora, mwezi wa Januari mwaka ule, wengi walitaka uchaguzi ususiwe. Mwalimu Nyerere aliwasihi waingie katika mtego ili wauvunje kutoka ndani. Zuberi Mtemvu alikataa, akajitenga na kuunda chama cha Congress chenye kutaka Afrika iwe ya Waafrika peke yao.

Matokeo yake nini? TANU iliwaunga mkono Waafrika wake, na pia ikawaunga mkono Waasia na Wazungu walioikubali shabaha ya uhuru, kama vile Amir Jamal, Sophia Mustafa na Derek Bryceson. Chama cha UTP, kilichopendwa na wakubwa wa Serikali, hakikupata kitu. Mtego wa rangi tatu ukawa ngazi ya uhuru. Naye Mtemvu aliposimama kugombea urais mwaka 1962, wananchi walimpa kura chache kupita kiasi. Waafrika wa Tanganyika, ambao wengi wao hawakuwahi kuketi darasani, waliitambua bidhaa mbovu walipoiona.

Jaribio kubwa zaidi lilikuja mwezi wa Oktoba 1961, uhuru ukiwa mlangoni. Bunge lilijadili muswada wa uraia. Wabunge kadhaa, nao watu wa TANU, walitaka uraia ufuate rangi. Ilikuwa rahisi kwa Waziri Mkuu kunyamaza, maana maneno yale yangempatia vigelegele mitaani. Mwalimu hakunyamaza. Aliwalinganisha waliotaka sheria ya rangi na akina Hitler na Verwoerd, tena akasema wazi kwamba muswada ukishindwa Serikali yake itajiuzulu. Muswada ukapita. Miezi mitatu baadaye, Januari 1962, mtu huyo huyo aliacha uwaziri mkuu kwa hiari yake, akarudi kwa wananchi kujenga chama. Huo ndio uongozi wa nchi: kukubali kupoteza kiti kuliko kukikalia kwa chuki, kisha kukiacha kiti wakati hakuna anayekusukuma.

Sasa tuwatazame waliofuata njia nyingine. Majirani zetu wa Zambia walipata uhuru mwaka 1964 chini ya Kenneth Kaunda. Baba yake, mchungaji David Kaunda, alitoka Nyasaland akaenda kufundisha na kuhubiri katika nchi ya Chinsali, na huko Kenneth akazaliwa mwaka 1924. Alitawala miaka 27, akashindwa katika uchaguzi wa 1991, akaondoka kwa amani. Alipotaka kurudi kugombea mwaka 1996, wakubwa wapya walibadili Katiba ikasema mgombea urais lazima wazazi wake wote wawili wawe Wazambia kwa kuzaliwa. Kaunda akafungiwa nje. Haikutosha: mwaka 1999 mahakama ilitamka kwamba yeye, baba wa taifa lile, si raia wake. Ilibidi aende mahakama ya juu ndipo uraia wake urudi.

Tukiri kwamba Kaunda alikuwa na makosa yake. Alitawala muda mrefu kwa chama kimoja, na Wazambia walikuwa na haki ya kumwambia basi. Lakini walikwisha kumwambia, kwa kura! Kama walikuwa hawamtaki tena, kura ile ile ingetosha. Waliohofia kura ndio waliokimbilia cheti cha kuzaliwa. Na cha ajabu, Rais Chiluba aliyepitisha sheria ile naye alishitakiwa ati wazazi wake si Wazambia, na kesi yake ikaendeshwa hadi 1998 kabla ya kutupwa. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Kodivaa yalikuwa makubwa zaidi. Nchi ile imetajirika kwa kakao, na kakao yake imelimwa kwa mikono ya watu wengi waliotoka Burkina Faso na nchi jirani. Rais wa kwanza alipokufa mwaka 1993, waliogombania kiti walizusha maneno ya Mkodivaa halisi na Mkodivaa wa mashaka. Alassane Ouattara, aliyekwisha kuwa Waziri Mkuu wa nchi ile ile, alizuiwa kugombea mwaka 1995 na tena mwaka 2000, kwa hoja ya wazazi wake. Basi kila Mwislamu wa kaskazini mwenye jina kama lake akaanza kuulizwa kitambulisho barabarani. Mwaka 2002 bunduki zilijibu swali ambalo kura zilikatazwa kulijibu, na nchi ikakatika vipande viwili. Ouattara alipochaguliwa mwishoni mwa 2010, mwenzake akakataa kutoka, na watu zaidi ya 3,000 wakafa.

Mngedhani mtu aliyechomwa na moto ule angeuzima. Mwaka 2025 Tidjane Thiam, kiongozi wa chama kikubwa cha upinzani, alifutwa katika daftari la wapiga kura kwa hoja ya uraia, na mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Ouattara akapata kipindi cha nne. Hatusemi aliiandika hukumu kwa mkono wake. Twasema aliijua silaha ile, alama zake zilikuwa mwilini mwake, naye akakubali kunufaika nayo.

Wako watakaotuambia: "Lakini wageni wanamaliza kazi na chakula." Haya, tuhesabu. Ghana, Novemba 1969, Serikali ya Busia iliwapa wageni wasio na vibali wiki mbili watoke. Walitoka kwa malaki, wakulima wa kakao na wachuuzi. Je, maisha yalishuka bei? Januari 1972 jeshi likampindua Busia, uchumi ukiwa mashakani. Nigeria nayo, Januari 1983, mwaka wa uchaguzi, ilifukuza watu zaidi ya milioni, na Waghana wakiwa wengi kuliko wote. Shagari akashinda uchaguzi, na Desemba 31 ya mwaka ule ule jeshi likamng'oa. Wageni walikuwa wamekwisha kuondoka, shida zikabaki, na wananchi wakaona kwamba walifukuzwa wasiohusika.

Wala tusijifanye watakatifu. Nchi yetu wenyewe, mwaka 2001, ilimtangaza Jenerali Ulimwengu, mwandishi mwenye kalamu kali aliyepata kuwa Mbunge, kuwa si raia. Mtu aliyetunga sheria za nchi akaambiwa nchi si yake! Yalikuwa makosa kwa nchi ya Mwalimu. Lakini nchi hiyo hiyo ilifanya pia jambo la kujivunia. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 wakapewa mapori ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo waliyageuza mashamba ya mahindi na tumbaku, wakajilisha wenyewe. Mwaka 2014 watu wapatao 162,000 kati yao na watoto wao walianza kukabidhiwa vyeti vya uraia. Walikuwa wameshika jembe miaka zaidi ya 40. Siku yao ya tatu ilichelewa, lakini ilifika.

Hatusemi mlango uachwe wazi usiku na mchana. Taifa lisilo na daftari si taifa. Twataka mipaka ilindwe, vibali vikaguliwe, na anayetaka uraia auombe kwa utaratibu. Anayeleta silaha au magendo ashikwe, awe mgeni au mwenyeji. Lakini sheria ya uraia iwe moja kwa wote, iandikwe kabla ya uchaguzi, iamuliwe na mahakama, na ushahidi utolewe hadharani. Mtu asiyeulizwa uraia wake alipokuwa akilipa kodi, alipokuwa akifundisha watoto wetu, alipokuwa akichanga shilingi zake katika Chama, asiulizwe ghafla siku anapochukua fomu ya kugombea. Swali linaloamka siku ya fomu tu halitafuti ukweli. Latafuta kiti.

Kwa hiyo twawaagiza makatibu na wajumbe wa matawi. Mtu akisimama mkutanoni akasema fulani si wa hapa, mwenyekiti amtake alete ushahidi wake kwa maandishi mbele ya wote, au akae kitini. Baada ya hapo aulizwe: wewe una mpango gani juu ya maji? Juu ya shule? Juu ya bei ya mazao? Kama hana jibu, wajumbe watakuwa wamekwisha kumjua. Na mgombea wetu atakayeshinda kwa mnong'ono wa namna hiyo, ajue kwamba hakutushindia. Ametushinda.

Nanyi wapiga kura, msikubali kunyang'anywa hukumu yenu. Kama mgombea hafai, mnyimeni kura, hiyo ni haki yenu na inatosha. Lakini anayewaomba mumhukumu mwenzenu kwa kaburi la babu yake, kesho atalitafuta kaburi la babu yenu.

Nchi ni ya waliolima. Mwenye jembe si mgeni.

Uhuru na Umoja!