NASAHA ZA JUMA: Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Aghalabu methali hii hutamkwa kwa mzaha, pale jogoo anapochinjwa kwa ajili ya mgeni na watoto wa nyumba nao wakapata kushiba. Lakini ndani ya mzaha huo mna swali zito linalomhusu kila askari aliyevuka mpaka akiwa na bunduki begani: je, kufika kwangu kumemponya nani?

Juma hili tungependa kulielekeza swali hilo kwa askari Wakristo waliopata kutumika, au wanaotumika, katika pwani ya Kismayo, pamoja na wake, waume na wazee wao waliobaki nyumbani. Ndugu zetu Waislamu, ambao nao ni wengi katika safu zetu, hawazuiwi kusikiliza. Jirani akikanywa, na wewe hupata lako.

Kwanza yafaa tukumbushane mahali penyewe. Kutoka Kismayo kuelekea kusini, hadi karibu na Ras Kamboni mpakani mwa Kenya, pamepangika mlolongo wa visiwa vidogo: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vinginevyo. Wenyeji wake ni Wabajuni, wavuvi na mabaharia, Waislamu tangu zamani, ambao lugha yao ni tawi la Kiswahili cha kaskazini. Jamaa zao wapo upande wa Kenya, huko Kiunga, Faza na Kizingitini. Dola ya Somalia ilipoporomoka mwaka 1991, Wabajuni hawakuwa na jeshi wala ukoo wenye silaha wa kuwakinga. Waliporwa vyombo vyao, wakafukuzwa makwao, na wengi wakakimbilia Mombasa, ambako walikaa katika kambi ya wakimbizi ya Jomvu. Kwa hiyo mtu mwenye silaha, awe wa bendera gani, si jambo geni kwao, wala si jambo la kufurahisha.

Majeshi ya Kenya yaliingia Somalia mwezi wa Oktoba 1911 haikuwa. Ilikuwa 2011, na wazee wa pwani ile wanaijua tofauti, kwani wamekwisha kuona bendera nyingi: ya Sultani wa Unguja, ya Mwingereza, na tangu 1925 ya Mwitalia. Mwishoni mwa Septemba 2012 askari wa Kenya waliteremka kutoka baharini karibu na Kismayo, na wapiganaji wa Al-Shabaab wakauacha mji. Ujumbe wa Umoja wa Afrika umebadilika jina tangu hapo: AMISOM hadi Machi 2022, kisha ATMIS, na kuanzia Januari 2025 AUSSOM. Majina yamebadilika, lakini ulinzi wa usiku, joto la mchana na upweke wa kuwa mbali na nyumbani havikubadilika.

Sasa, askari Mkristo afanyeje na imani yake mahali kama hapo? Katiba ya muda ya Somalia ya mwaka 2012, katika kifungu cha 17, hairuhusu dini nyingine isipokuwa Uislamu kuenezwa nchini humo. Wala askari hakutumwa kuhubiri, alitumwa kulinda. Mdomo wake basi umefungwa kwa sheria na kwa adabu ya mgeni. Kilichobaki wazi ni mikono yake. Hapo ndipo Maandiko yanapoacha kuwa kitabu cha Jumapili na kuwa kanuni ya siku sita zilizosalia.

Tusome Matendo ya Mitume, sura ya 27 na ya 28. Habari yenyewe ni ya bahari, askari na kisiwa, na mtu wa pwani ataielewa upesi kuliko mtu wa bara. Akida mmoja wa Kirumi, jina lake Yulio, amekabidhiwa wafungwa awapeleke Italia, na mmoja wao ni Paulo. Walipotia nanga Sidoni, Yulio alimruhusu Paulo awaendee rafiki zake wamtunze. Mwandishi hatuambii kwamba akida huyo aliamini. Atuambia tu kwamba alimtendea mfungwa wake kwa utu.

Kisha tufani ikaja. Kwa siku 14 walisukumwa wasione jua wala nyota. Wakatupa bildi, wakapata pima 20. Wakatupa tena, wakapata pima 15. Wakajua kwamba nchi iko karibu na miamba iko mbele. Wakashusha nanga nne, wakaomba kuche. Mabaharia wakataka kutoroka kwa mashua, na askari wakazikata kamba. Ndipo Paulo alipochukua mkate, akamshukuru Mungu mbele ya watu wote 276 waliokuwamo, akala, nao wakatiwa moyo wakala. Hakutoa hotuba ndefu. Alikula kwa shukrani mahali ambapo wengine walikuwa wamekata tamaa, na hiyo ilitosha.

Merikebu ilipokwama, askari walishauriana wawaue wafungwa wote, asije mmoja akaogelea akatoroka. Tuitazame shauri hiyo kwa haki. Haikuwa ya ukatili mtupu. Ilikuwa ya hofu, kwa maana katika zama zile askari aliyepotewa na mfungwa aliweza kulipa kwa roho yake. Ndiyo shauri inayomjia mwenye silaha kila anapoogopa: heri afe asiye na hatia kuliko mimi nipate lawama. Yulio aliikataa. Neno moja la mkubwa mwenye utu liliokoa roho nyingi siku ile, na watu wote wakafika pwani, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao.

Ndugu askari, wewe uliye katika mashua ya doria unaijua saa hiyo. Kwa mbali unaona ngalawa usiku, taa imezimwa. Yamkini ni adui anayepitisha silaha. Yamkini ni mvuvi mwenye watoto wanane, aliyezima taa kwa kukuogopa wewe. Upande wa Lamu, baada ya 2011, uvuvi wa usiku ulipigwa marufuku kwa miaka kadhaa kwa sababu za usalama, na nyumba nyingi ziliionja njaa ya amri hiyo. Amri ya serikali hutiiwa. Walakini hakuna amri inayomtaka askari amtukane mzee mbele ya mwanawe, wala amnyang'anye samaki aliowavua. Ukimsimamisha, msimamishe kwa salamu. Mbajuni na wewe mnazungumza lugha moja; ni wachache duniani askari waliojaliwa kuwaelewa wenyeji wa ng'ambo bila mkalimani.

Na lugha hiyo ndiyo ya Kitabu chako. Krapf alianza kuifasiri Mwanzo kwa Kiswahili mjini Mombasa mwaka 1844. Askofu Steere alifanya kazi yake Unguja. Hatimaye likatoka toleo la Biblia la mwaka 1952 ambalo wengi wetu tumelelewa nalo. Wafasiri hao hawakuunda lugha mpya. Walichukua maneno yaliyokuwa vinywani mwa Waislamu wa pwani: imani, toba, sala, rehema, baraka, malaika, nabii. Mkristo asomaye rehema katika Zaburi asoma neno aliloazimwa na mababu wa mvuvi yule yule anayemsimamisha baharini. Mwenye kuazima kwa jirani hana budi kumheshimu jirani.

Turudi kisiwani. Watu waliolowa walipofika Melita, ambayo leo twaiita Malta, wenyeji waliwawashia moto kwa sababu ya mvua na baridi. Hawakuuliza kwanza nani mfungwa na nani askari. Wala Paulo hakukaa kungoja kuhudumiwa. Aliokota kuni mwenyewe. Mkuu wa kisiwa, Publio, aliwakaribisha siku tatu, na baba yake alikuwa kitandani, mgonjwa wa homa na kuhara damu. Paulo alimwombea, akapona, na wagonjwa wengine wakaja. Naam, mgeni alikuja, na mwenyeji akapona. Lakini angalieni utaratibu wake: mgeni alipokea moto kwanza. Askari anayedhani kwamba yeye peke yake ndiye mwenye kutoa, na wenyeji ni wa kupokea tu, hajausoma mlango huu vizuri.

Kuna askari wengine katika Injili ambao lazima tuwataje. Walimwendea Yohana Mbatizaji wakamwuliza wafanye nini. Hakuwaambia waiache kazi. Aliwaambia mambo matatu: wasimdhulumu mtu, wasimsingizie mtu, na waridhike na mishahara yao. Ni Maandiko mafupi, lakini Kismayo yana uzito wa pekee. Tarehe 22 Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2036. Azimio hilo moja liliongeza idadi ya askari wa AMISOM hadi 17,731, tena likapiga marufuku biashara ya kuuza nje makaa ya Somalia, ambayo yalikuwa yakiwatajirisha wapiganaji. Katika miaka iliyofuata wachunguzi wa Umoja huo waliandika kwamba makaa yaliendelea kupakiwa katika bandari ya Kismayo, na wakawataja hata walinzi wa bandari. Jeshi la Kenya lilikana. Si kazi ya ukurasa huu kuhukumu. Kazi yetu ni kumwuliza msomaji mmoja mmoja: usiku ule mtu alipokuja na bahasha, ulikuwa umesoma nini asubuhi?

Kwa maana kusoma kwa kila siku hakuna kazi nyingine ila hiyo. Biblia si hirizi ya kuvaliwa chini ya fulana isipenye risasi. Wacha Mungu walikufa El Adde, Januari 2016, na Kulbiyow, Januari 2017, na wajane wao wangali wakisali. Anayesoma ili asife atavunjika moyo. Asomaye ili ajue namna ya kuishi leo, na akifa asife na deni la dhuluma, huyo kitabu hakitamwangusha.

Tena tusidhani kwamba ushuhuda wa namna hii ni wa Wakristo peke yao. Mtawa Leonella Sgorbati, Mwitalia wa shirika la Consolata, alifundisha wauguzi Nkubu, Meru, kabla ya kwenda Mogadishu kufungua shule ya wauguzi. Tarehe 17 Septemba 2006 alipigwa risasi nje ya hospitali. Walinzi wa roho yake hawakuwa jeshi. Alikuwa na mlinzi mmoja Mwislamu, Mohamed Mahmud, baba wa watoto, naye aliuawa pamoja naye siku hiyo. Waliokuwapo walisema kwamba neno la mwisho la mtawa lilikuwa la kuwasamehe waliompiga. Mwaka 2018 Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa mwenye heri. Sisi tuwakumbuke wote wawili, kwani damu yao ilimwagika mahali pamoja.

Basi tumalizie kwa shauri la nyumbani, maana ukurasa huu ni wa jamaa nzima. Kitabu cha Matendo kina sura 28, yaani majuma manne kamili. Baba aliyeko Kismayo na mama aliyeko Gilgil au Nanyuki wapatane kusoma sura moja kila siku, saa tatu ya usiku. Saa ya Somalia na ya Kenya ni moja, hakuna hesabu ya kufanya. Simu ikikataa, haidhuru. Kila mmoja ajua mwenzake yuko ukurasa gani. Watoto wasomewe kwa sauti, na mkubwa wao apewe zamu.

Baada ya kusoma, waulizane maswali matatu. La kwanza: nani katika sura hii alitendewa wema, au ubaya? La pili: aliyetenda alikuwa na madaraka gani? La tatu: kesho, kabla ya jua kuchwa, nitafanya jambo gani moja linalofanana na wema huo? Jambo liwe dogo, tena lenye jina. Kwa baba, kumjibu kwa upole mwuza maji langoni. Kwa mama, kumsamehe jirani wa kambini yule wa maneno, au kuiandika posho ya mume shilingi kwa shilingi ili akirudi pasiwe na ugomvi. Haba na haba hujaza kibaba.

Na mume akirudi, mama asishangae akimwona kimya, akishtuka usingizini, au akikasirika kwa neno dogo. Tufani huendelea kichwani siku nyingi baada ya chombo kufika pwani. Amwashie moto kwanza, kama walivyofanya watu wa Melita, na maswali yangoje. Ikiwa hali haitulii, kasisi wa kikosi na daktari wapo. Kuwaendea si upungufu wa imani wala wa uanaume.

Juma lijalo, Mungu akitujalia, tutazungumza juu ya akida mwingine, Kornelio wa Kaisaria, na jinsi sala na sadaka zake zilivyoanzia ndani ya nyumba yake. Wasomaji waanze sura ya kwanza usiku wa leo.