Sakafu ya Moto Thanjavur
Ukitaka mtoto aipende historia, mvue viatu. Tulifika Thanjavur, kusini mwa India, jua la utosi. Kwenye uwanja wa hekalu la Brihadisvara mawe yanachoma, na kitindamimba wetu anarukaruka kama bisi kikaangoni. Kivulini ndipo alipoinua macho akauona mnara wa graniti, zaidi ya mita 60, uliokamilika mwaka 1010 enzi za mfalme Rajaraja. “Baba, walikuwa na kreni?” Sikuwa na jibu. Kesho yake tukaendesha gari hadi Gangaikonda Cholapuram, kwenye hekalu la Rajendra, mwana wa mfalme huyo. Mtoto akavua viatu kabla hajaambiwa. Darasani historia humsinzisha. Nyayo zilizoungua hazisahau.