Tuwafundishe Watoto Kufuata Mishale

Mwulize mwanafunzi wa darasa la tano wa kando ya Ziwa Victoria sangara ni nini, atakujibu sawasawa. Mwulize kinacholeta mmomonyoko wa udongo, atakutajia ukataji miti. Mwulize sasa sangara na mmomonyoko vinahusianaje. Atanyamaza, na kosa si lake: samaki alifundishwa kipindi kimoja, udongo kipindi kingine, na hakuna aliyewahi kuvikutanisha.

Ziwani vilikutana zamani. Sangara alipandikizwa kuanzia miaka ya 1950 ili kuongeza kitoweo na kipato. Miaka ya 1980 alikuwa ametapakaa ziwa zima. Akawala furu, samaki wadogo ambao wanasayansi wanakadiria kuwa spishi zao zipatazo 200 zilitoweka. Miongoni mwa furu walikuwamo waliokula mwani. Walipopungua, mwani ukapata nafasi. Kisha furu ni samaki wa kuanika tu, anakauka, lakini sangara ana mafuta mengi, jua halimwezi. Akataka moshi, na moshi ukataka kuni. Miti ikakatwa, mvua ikasomba udongo wenye rutuba hadi ziwani, na rutuba ile, pamoja na mbolea za mashambani na majitaka ya miji, ikaulisha mwani uleule. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, jikoni kwa wengi yakabaki mapanki, yaani vichwa na mifupa. Waliopanga walihesabu kilo za samaki, na kilo hizo, tukubali, zilipatikana. Hawakuhesabu mishale inayotoka kwa samaki huyo kwenda kwingine.

Kazi ya kuichora mishale hiyo ianze shule ya msingi. Mwalimu aandike ubaoni: sangara, furu, mwani, kuni, udongo. Aulize: hiki kikiongezeka, kile kinazidi au kinapungua? Mtoto atoke mbele, achore mshale, wenzake wambishie. Mshale ukizunguka na kurudi ulikoanzia, hapo ndipo somo lilipo. Kusiko na ziwa kuna kisima, choo na mfereji wa mvua.

Wapo watakaosema mtoto wa miaka kumi hayawezi haya. Mbona anacheza bao? Anajua kete anazosambaza sasa zitambana mizunguko miwili mbele, wala hakuna aliyemwambia ni jambo gumu. Wengine watataja madarasa yaliyofurika na uhaba wa vifaa. Kero hiyo ni ya kweli, ila chaki na ubao vinatosha, na ubishi wa watoto wengi hapa ni faida. Hoja nzito ni mtihani. Maadamu maswali mengi ni ya kuchagua herufi moja, mwalimu atafundisha herufi, na simlaumu. Anapimwa kwa matokeo hayo.

Kwa hiyo, ndugu wananchi, tusimwachie mwalimu peke yake. Wazazi, katika kikao kijacho cha shule ombeni kipindi kimoja kwa juma cha kuunganisha masomo. Kamati za shule, kiwekeni kwenye ratiba, kisiwe hisani ya mwalimu mmoja mwenye moyo. Watunga mitihani, wekeni swali moja tu linalomtaka mtoto aeleze jambo moja lilivyozaa jingine, na hilo la pili likarudi kuligusa la kwanza. Swali hilo likionekana kwenye karatasi mwaka huu, mwakani litafundishwa kila darasa.