Leseni ya Soroti itapokelewa nyumbani? Barua ya wazi kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga

Kwa Bwana Mkurugenzi Mkuu, AAC, Kinshasa

Bwana Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia kutoka Nyakabere, huku upande wa Uvira, kwa ajili ya binti wa dada yangu anayetaka kusomea urubani. Ukoo umekubali kuchanga. Tulipokwama ni hapa: aende kusoma wapi, ili karatasi atakayorudi nayo ofisi yako iitambue?

Masharti ya kimataifa ya leseni binafsi ya urubani tunayajua. Awe ametimiza miaka 17, apimwe afya ya daraja la pili, afaulu mtihani wa nadharia, na aruke saa zisizopungua 40, au 35 akiwa katika kozi iliyoidhinishwa. Saa 10 kati ya hizo awe peke yake, na safari yake moja ifike kilomita 270, akitua njiani kwenye viwanja viwili tofauti. Wazee walidhani akimaliza hapo ataajiriwa. Ilibidi niwaeleze kwamba leseni binafsi haimruhusu kulipwa hata faranga moja. Mshahara unadai leseni ya biashara, na hiyo kwa kawaida huanzia saa 200. Hata hivyo naona ni busara kuanza na hii ndogo. Binti akitambua mapema kwamba anga si kazi yake, ukoo utakuwa bado na ng'ombe zizini.

Tukianza na umbali wa mahali pa kusomea, Kinshasa iko kama kilomita 1,500 kutoka kwetu kwa mstari ulionyooka, na barabara ya kutufikisha huko haipo. Tangu uwanja wa Goma ufungwe Januari 2025 na ule wa Kavumu kutekwa na waasi wa M23 mwezi uliofuata, hata kwenda kwa ndege ni kuzunguka. Nairobi ni kama kilomita 900. Soroti, Uganda, ni kama 750, yaani nusu ya Kinshasa. Chuo cha urubani cha Soroti kilianzishwa mwaka 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule, na Jumuiya ya sasa sisi tumo tangu 2022. Kwa hiyo si ajabu macho yetu yakaelekea huko.

Lakini kuna jambo la milima. Ziwa letu liko kwenye mita 770 hivi, na nyuma ya Uvira milima ya Mitumba inapanda kupita mita 3,000. Anayetaka siku moja kurusha ndege ndogo kwenda Minembwe, huko milimani, afadhali ajifunze mapema jinsi hewa nyepesi inavyoinyima injini nguvu. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko karibu mita 1,700, na ndege ya mafunzo hukimbia sana kabla ya kunyanyuka. Soroti ni kama 1,100, tena tambarare. Ningechagua Wilson kwa sababu hiyo, kama si foleni yake: ndege ni nyingi, na kungoja zamu injini ikiwaka ni pesa zinazoungua. Pote pawili redioni ni Kiingereza, na binti amesoma kwa Kifaransa. Atahitaji angalau ngazi ya 4 kati ya 6 za Kiingereza cha marubani, kwa hiyo kabla ya ada ya ndege kuna ada ya lugha.

Hayo yote tungeyapima wenyewe. Tusiloweza kulipima liko mezani kwako. Mkataba wa Chicago wa 1944 unataka rubani wa safari za kimataifa awe na leseni iliyotolewa au kuthibitishwa na nchi iliyosajili ndege. Ndege zenye alama za 9Q na 9S ni zako. Je, leseni ya Uganda au ya Kenya utaithibitisha kwa utaratibu gani, kwa ada ipi, na kwa mtihani upi wa ziada? Jumuiya ina wakala wake wa usalama wa anga, CASSOA, huko Entebbe, uliowekwa ili kanuni za nchi wanachama zifanane. Kufanana huko kunamsaidia nini mwanafunzi wa Uvira leo? Na daktari anayetambuliwa nawe, tumtafute mji gani wa mashariki? Kipimo cha afya tunataka kukifanya kabla ya kulipa ada, maana macho mabovu yanaweza kuifunga safari yote.

Tunaomba majibu kwa maandishi, kwa Kifaransa na Kiswahili, yabandikwe kwenye ofisi ya meya wa Uvira. Mpaka hapo fedha za mchango zitabaki kwa mweka hazina wa ukoo.

Wako,
Mjomba wa mwanafunzi, Nyakabere