Harusi ya lugha mbili Kasongo: mkalimani achaguliwe mapema

Mjomba wa bibi harusi, mzee wa Kibangubangu aliyetoka Kabambare, anashika mikro na kusema dakika tano nzima. Anataja ukoo, anawausia wakwe, anatania kidogo, kisha anakumbusha mbuzi ambao hawajaletwa. Kijana aliyevutwa mkono papo hapo, eti kwa kuwa anajua Kifaransa, anawageukia wageni wa Kinshasa: mzee anawashukuru kwa kuja. Wageni wanapiga makofi. Wazee wanaguna.

Mambo kama haya hayafai kutokea Kasongo, mashariki mwa Kongo, maana mji huu umekulia katika lugha nyingi. Ulikuwa makao ya mfanyabiashara Tippu Tip tangu miaka ya 1870, na misafara iliyotoka Ujiji ilipita Kabambare kabla ya kuufikia Lualaba. Kiungwana, yaani Kiswahili cha huku, kilikolea katika mchanganyiko huo wa Wazimba, Wakusu, Wabangubangu na watu wa pwani. Leo kuna Kifaransa cha ofisini, na bwana harusi wa Kinshasa huja na ukoo unaosema Lingala.

Tafsiri ya harusini si pambo. Kanuni ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987, katika kifungu cha 361, inataka upande wa mume upatane na wazazi wa binti juu ya mahari, na ndoa haifungwi kabla ya sehemu yake, walau kidogo, kutolewa. Kwa hiyo mzee anapotaja kilichopokelewa na kilichobaki, anataja deni mbele ya mashahidi. Hapo muhtasari hautoshi. Kila kitu kitafsiriwe, hadi mbuzi wa mwisho.

Namna ya kufanya hivyo inajulikana. Katika makanisa mengi ya mashariki mwa Kongo mhubiri na mkalimani husimama bega kwa bega, sentensi kwa sentensi, na mkalimani mzuri hupandisha sauti pale pale inapopanda ya mwenzake. Kwenye nikahi, hotuba ya Kiarabu hufuatiwa na maelezo ya Kiswahili, na hakuna anayelalamika kuwa sherehe imerefuka.

Tafsiri ya papo kwa papo kwa visikizio, iliyopata umaarufu katika kesi za Nuremberg kuanzia 1945, inataka mitambo na wakalimani wa kupokezana. Uani Kasongo, penye spika moja na jenereta inayonguruma, hiyo ni anasa. Simu nayo haitoshi: programu ya Google iliipokea Lingala mwaka 2022, lakini Kibangubangu cha mjomba haikijui. Wageni wakiwa watatu au wanne, mtu mmoja aketi nyuma yao awanong'oneze. Ukiwa ukoo mzima, mkalimani apewe mikro yake.

Bei ya tafsiri ni muda, kwani kila hotuba inakuwa mara mbili. Basi wasemaji wapunguzwe, wawili kila upande, hata kama baba mdogo atanuna. Mkalimani aonane na wazee siku moja kabla, aambiwe majina ya koo, hesabu ya mahari na utani upi usivushwe upande wa pili. Si kila mzaha wa watani huchekesha wakwe. Na alipwe. Familia inayomlipa mpiga picha, mpishi na mwenye spika haina sababu ya kumwachia yeye sahani ya wali na soda.