HAKUNA CHA KUYEYUSHA, DADA: INSULINI NA VIVIMBE VYA OVARI (Sehemu ya 3)

Aliyekosa sehemu ya 1 na ya 2 arudi nyuma asome kwanza, tulieleza hedhi ya kawaida inavyokwenda. Leo nitaongea kwa ukali kidogo, mnivumilie.

Juzi dada mmoja kanitumia picha ya chupa tatu. Ameambiwa ana vivimbe kwenye ovari, akauziwa dozi ya kuyeyusha. Ya kwanza haikusaidia, wakamwambia aongeze ya pili, sasa yuko ya tatu. Hela ya ada ya mtoto imeishia humo. Hedhi hajaiona mwezi wa 5 huu, na hajapimwa hata sukari.

Jamani, hakuna cha kuyeyusha!

Sikia. Kila mwezi ovari zinaandaa vifuko vidogo vya mayai. Kimoja kinakua, kinapasuka, yai linatoka. Kwa mwenye ugonjwa huu, ambao hospitali tunauita PCOS, vifuko vinaanza kukua halafu vinakwama njiani. Vinabaki vingi na vidogo, chini ya milimita 10. Hivyo ndivyo unavyoonyeshwa kwenye ultrasaundi. Siyo uvimbe wa kukatwa, wala siyo uchafu wa kusafishwa.

Jina lenyewe ndilo linatupoteza. Mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Stein na Leventhal, waliandika kuhusu wanawake wasiopata hedhi ambao ovari zao zimejaa vifuko. Macho ya watu yakabaki kwenye ovari. Ilipofika 1980 ndipo watafiti wakaonyesha kwamba wengi wa wanawake hawa wana insulini nyingi kwenye damu.

Insulini ni homoni inayotoka kwenye kongosho. Kazi yake ni kuifanya sukari iingie kwenye misuli na sehemu nyingine za mwili. Kwa wengi wenye PCOS (siyo wote), mwili umekuwa mgumu kuisikia insulini. Kongosho linafanya nini? Linatoa nyingi zaidi ili kazi ifanyike. Ndiyo maana sukari yako ya asubuhi inaweza kusoma vizuri miaka na miaka huku insulini iko juu.

Sasa hiyo ya ziada inafika kwenye ovari, na ovari zenyewe zinaisikia vizuri tu. Inazisukuma zitengeneze homoni za kiume kupita kiasi. Ikifika kwenye ini, inapunguza protini inayozishikilia homoni hizo, zinabaki zinazunguka huru. Hapo unaona ndevu kidevuni, chunusi zisizoisha, nywele zinapungua utosini, yai halipevuki, hedhi haieleweki.

Sasa niambie, dawa ya "kusafisha kizazi" inagusa wapi hapo?

Lakini nisiwaseme wauza chupa peke yao. Sisi wa hospitali tuna makosa yetu. Tunampa dada vidonge vya kurekebisha hedhi, tunamwambia "kapunguze uzito, utakuwa sawa", anaondoka. Hata mimi nimewahi kusema hivyo, na najuta. Insulini nyingi ndiyo inayouambia mwili uweke akiba ya mafuta. Halafu tunamuita mvivu, tunamuita mlafi. Na wembamba je? Wapo wembamba wenye shida hii hii, wanarudishwa nyumbani kwa sababu tu "hawafanani na wagonjwa".

Kuna mama nilimhudumia wodini, mimba ya miezi 7, sukari iko juu sana. Tukamhoji historia yake. Hedhi zinaruka tangu yuko sekondari. Shingoni ana weusi mnene kama mahameli. Akasema mama yake alikuwa anamsugua kwa dodoki mpaka anatoka damu, akidhani ni uchafu. Kumbe ule weusi ni dalili ya insulini kuwa juu! Amepita kwenye mikono yetu miaka yote hiyo, hakuna aliyemwambia. Mtoto alizaliwa mkubwa, sukari yake ikashuka, akalazwa chumba cha watoto wachanga. Walitoka salama, Mungu mkubwa. Lakini ile hofu haikuwa lazima.

Kwa hiyo ukienda hospitali, usiondoke na picha ya ultrasaundi tu. Uliza:

👉 Nipimwe sukari, hasa kile kipimo cha kunywa maji ya glukosi na kusubiri saa 2. Kinaona mapema kuliko cha asubuhi.
👉 Nipimwe presha, na homoni za tezi la shingo na za maziwa, maana nazo huvuruga hedhi.
👉 Hedhi ikikosekana miezi 3 na huna mimba, usikae kimya. Ukuta wa kizazi unajijenga bila kushuka, na baada ya miaka hilo linaongeza hatari ya saratani.
👉 Je, metformini inanifaa? Ni dawa ya kisukari, lakini inasaidia mwili kuisikia insulini. Inaanzwa kwa dozi ndogo pamoja na chakula, maana inavuruga tumbo. Na hedhi ikirudi, mimba inaweza kuingia, ujipange.

Nyumbani, anza na soda na sukari ya kwenye chai. Ugali sikukatazi, punguza tonge, ongeza mboga, maharage, dagaa. Tembea kila siku, msuli unaofanya kazi unaisikia insulini vizuri zaidi. Kama una uzito mkubwa, hata kilo 4 kati ya 80 zinaweza kurudisha hedhi. Huhitaji kuwa mwembamba.

Huu ugonjwa hauponi kwa siku 21. Anayekuahidi hivyo anataka hela yako. Unadhibitiwa, na wanawake wengi wenye PCOS wanazaa.

Na wewe mama mwenye binti, leo muangalie shingo. Weka dodoki chini, mpeleke akapimwe.

Sehemu ya 4 tutaongelea sahani yenyewe. Maswali yaacheni hapo chini, nitajibu nikitoka zamu ya usiku. 🙏