Rahisi Ghali, Alisema Nani?

Kijana mmoja wa Ntalikwa alitaka kuanza kukereza miguu ya vitanda. Mzee wa karakana akamkata maini: "Rahisi ghali, mwanangu. Subiri upate mashine ya maana, ya Mjerumani." Akasubiri. Msimu wa pili huu anachuma tumbaku ya wenzake.

Msemo mtamu, ila nani aliupima kwa mninga? Mashine ya kukereza haina siri: mota, mkanda, mhimili unaozunguka kwenye beringi, na kichwa cha nyuma kinachoukaza mti. Ya Kichina, hata ile iliyochomelewa na fundi wa mjini, inavyo vyote hivyo. Beringi ikianza kunguruma unasoma namba yake, tuseme 6204, unaingia duka la vipuri Tabora mjini. Ile ya bei kali mara nyingi hupangiwa mwendo na saketi. Umeme ukicheza, saketi ikaungua, unangoja kifurushi kutoka ng'ambo na oda za watu zimelala. Nyingine zinadai fezi tatu, na waya uliofika kwako ni wa fezi moja. Sasa hapo ghali ni ipi?

Watetezi wa chapa wana hoja moja ya kweli: mashine nyepesi hutikisika. Dawa yake ni uzito, na uzito haununuliwi Ulaya. Ikaze kwa bolti juu ya zege, au juu ya meza nzito yenye mifuko ya mchanga chini, na gogo likiwa bado na kona zungusha polepole. Fedha iliyobaki nunua patasi nzuri, kwani ndiyo inayogusa mti. Hapa ubahili siukubali hata kidogo: tupa kuukuu iliyogeuzwa patasi hukatika ghafla, kipande kikakurukia usoni. Nunua na miwani. Na barakoa pia, vumbi la mninga hubana kifua.

Na ufundi wetu haukungoja mashine: kiti cha enzi cha Buruku, Unyanyembe, kilichochongwa kwa mkono katika gogo moja, leo kimo katika makumbusho ya Berlin. Wajerumani wanatunza kiti chetu, sisi tunasubiri mashine yao.

Yule mzee nilimtembelea. Mashine yake imefungwa kwenye boriti mbili za mkora, na mota, aliniambia mwenyewe huku akicheka, aliitoa kwenye mashine mbovu ya kusaga. Inakereza mwaka wa kumi na moja sasa.